Treni Haimsubiri Mtoto Anyonye

Mwezi huu sitaanza na ugonjwa kama ilivyo kawaida yangu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana muuguzi anayefundisha wenzake kila mwezi anapaswa kukubali pia siku alipofundishwa yeye.

Mwaka 2019 binti yangu wa kwanza alikuwa akiishi Pugu, pembeni ya jiji la Dar es Salaam, na mumewe na mtoto wao wa kike wa miezi minne. Alikuwa ameajiriwa katika duka moja huko katikati ya jiji. Likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha, akarudi kazini. Siku moja alinipigia simu akaniambia kwamba kwenye kadi ya kliniki uzito wa mtoto haukupanda. Mwezi wa tatu alikuwa kilo 5.9, mwezi wa nne kilo 5.9 vilevile. Tena ameanza kuharisha.

Nikamwuliza, "Unamnyonyesha?"

Akajibu, "Usiku, Mama. Mchana dada wa kazi anampa uji mwepesi."

Uji, mtoto wa miezi minne! Akina mama, nilipandwa na hasira. Miaka yote nimesimama mbele ya wanawake nikiwaambia kwamba mtoto hahitaji kitu kingine ila maziwa ya mama mpaka atimize miezi sita, hata maji hahitaji, na leo mjukuu wangu mwenyewe anapewa uji. Nikamwambia binti yangu maneno ambayo bado yananiuma. Nilimwambia, "Mwanangu, umependa mshahara kuliko mtoto." Akanyamaza, kisha akasema, "Haya, Mama," akakata simu.

Wiki mbili baadaye niliomba likizo nikapanda basi pale Tarime. Tulivuka daraja la Kirumi kukiwa bado na giza. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilometa 1,000, na njia nzima nilikuwa nikipanga hotuba nitakayompa huyo binti.

Nilifikia kwa familia moja ya waumini wenzetu, nyumba ya tatu kutoka kwa binti yangu. Wenyeji wa Mara mnaelewa sababu. Kwa malezi tuliyolelewa, mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa kutokaribiana sana, na nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili tu. Hotuba yangu nikaiweka kesho yake. Lakini kesho yake binti yangu akaniambia, "Mama, kabla hujasema lolote, njoo twende wote kazini siku moja." Nikakubali. Nilidhani nakwenda kumkagua yeye.

Sisi wa Tarime na Serengeti hatuna reli. Aliye karibu nayo kwetu ni mtu wa Mwanza, ambako reli ilifika mwaka 1928. Watoto wetu wengi huijua treni kwa picha za vitabuni. Kwa hiyo acheni niwaeleze kidogo. Reli ya kati, ile inayoanzia Dar es Salaam, ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Ilikuwa reli ya safari ndefu na mizigo. Ilipita katikati ya mitaa ya Dar es Salaam bila kuwa usafiri wa kila siku wa watu wa mitaa hiyo. Oktoba 2012, Dk. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza treni mbili za wakazi wa jiji. Moja ilitoka Ubungo Maziwa hadi Stesheni kwa reli ya kati, nyingine ilitoka Mwakanga kwa reli ya TAZARA. Watu wakaziita treni ya Mwakyembe. Mwaka 2016 ikafuata ya kwenda Pugu.

Niliuliza kwa nini abiria wa TAZARA asikae tu kwenye kiti chake akavushwa hadi reli ya kati. Nikaambiwa reli hizo hazilingani upana. Ya kati ni meta moja, ya TAZARA ni milimita 1,067, hivyo behewa la huku haliwezi kupita kule. Na reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ina upana wake tena, milimita 1,435. Upana ule wa TAZARA ndio pia wa treni nyingi za miji ya Japani, nchi ambayo watu wake wanaishi na treni kama sisi tunavyoishi na jembe. Nitarudi kwa Wajapani baadaye, maana wana jambo la kutufundisha.

Basi, tuliamka saa 10 usiku. Binti yangu alimnyonyesha mtoto akiwa amesinzia yeye mwenyewe, kichwa kikianguka mbele. Akaoga, akampanga mtoto mgongoni kwa dada wa kazi, akambusu kisigino, tukatoka. Hakugeuka nyuma. Baadaye aliniambia kwamba siku akigeuka hawezi kuondoka.

Pale stesheni ya Pugu palikuwa na watu wengi kuliko mnada wa Mugumu, na jua lilikuwa bado halijatoka. Niliwaona wanawake wenye ndoo na mabeseni matupu waendao kununua samaki Feri, wanafunzi wenye sare, walinzi, wauza duka, na mama mmoja mjamzito aliyeegemea nguzo huku ameshika kiuno. Hakuna aliyepiga kelele. Treni ilipoingia, watu walijipanga mwili kwa mwili kama kuni zilizofungwa, na mimi nikasukumwa ndani nikiwa hata sijainua mguu. Tukapita Gongo la Mboto, Karakata, Vingunguti, Buguruni. Kila kituo wakaongezeka. Binti yangu alisimama njia nzima ameshika chuma cha juu, mkono mwingine ameuweka kifuani kujikinga asibanwe matiti.

Nilimwuliza, "Kila siku?" Akajibu, "Siku sita, Mama. Na treni ni afadhali, maana daladala ingenichukua muda mrefu zaidi kwa foleni."

Nilikaa mjini siku ile nikimsubiri. Jioni tulirudi stesheni, tukakuta umati mkubwa kuliko wa asubuhi. Ndani ya behewa, mahali fulani nyuma yetu, mtoto mchanga wa mtu alianza kulia. Mara nikaona blauzi ya binti yangu ikilowa mbele, upande huu na upande huu. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe. Mwili wa mama mnyonyeshaji ndivyo ulivyo. Ukisikia kilio cha mtoto, hata kama si wake, maziwa hushuka. Mimi nimelifundisha jambo hilo miaka mingi, lakini sikuwahi kuliona likimtokea mtu aliyebanwa katikati ya wanaume asiyeweza hata kuinamisha kichwa. Mama mmoja aliyesimama jirani, asiyetujua, alifungua kanga yake ya mabegani akamfunika binti yangu kifuani bila kusema neno. Binti yangu akaangalia dirishani. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Tulifika nyumbani saa 2 usiku. Mtoto alikuwa amelala. Tangu saa 10 na nusu usiku mpaka saa ile, mama hakumwona mwanawe akiwa macho.

Hotuba yangu ya kutoka Tarime niliiacha mle kwenye treni. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nilikuhukumu nikiwa mbali." Akaniambia, "Mama, mimi sikutaka kumpa uji. Nilijua ungesema. Lakini angekaa na njaa mchana kutwa, ningefanya nini?" Hilo ndilo swali, akina mama. Kumwambia mtu "usifanye" bila kumwonyesha la kufanya ni kumwongezea mzigo tu.

Kwetu, mama akienda shamba la mbali huenda na mtoto mgongoni. Akichoka kulima, anakaa chini ya mti ananyonyesha, kisha anaendelea. Mwendo ni mrefu lakini mtoto yupo. Mama wa mjini anasafiri mwendo huohuo akiwa peke yake, na treni haimsubiri mtoto anyonye. Mzigo haukupungua, ila mtoto ametengwa nao. Kwa hiyo tulikaa, mama na binti, tukatafuta njia. Nawaandikia tulichofanya kama kilivyokuwa.

Kwanza, kukamua maziwa. Nilimfundisha kwa mkono, bila mashine yoyote. Unanawa mikono kwa sabuni, unaweka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi, unabonyeza kuelekea kifuani kisha unakamua taratibu. Usivute chuchu, utajiumiza. Mara ya kwanza alipata kijiko viwili akataka kulia. Nikamwambia titi hujifunza kama mtoto anavyojifunza. Baada ya siku tano alikuwa anajaza kikombe kidogo kabla ya kuondoka.

Pili, kuyatunza. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwenye chombo safi chenye mfuniko hukaa salama kwa muda wa saa nne katika joto la nyuzi 25. Dar es Salaam ina joto zaidi ya hapo siku nyingi, hivyo yasiyo kwenye friji tulipanga yatumike mapema kuliko hivyo. Kwenye friji hukaa mpaka siku nne. Binti yangu hakuwa na friji, lakini wenyeji wangu wa nyumba ya tatu walikuwa nayo. Nilikwenda kuomba nafasi ya vikombe vitatu. Mama mwenye nyumba akasema, "Si ungesema tangu siku ya kwanza!" Mara ngapi tunateseka na msaada uko hatua hamsini? Wakati wa kumpa mtoto, maziwa hayachemshwi. Chombo huwekwa ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi mpaka yapate uvuguvugu. Yanayobaki baada ya mtoto kunywa hayahifadhiwi tena.

Tatu, kikombe badala ya chupa. Chupa na chuchu zake ni ngumu kusafisha, na hapo ndipo kuharisha kwingi huanzia. Mtoto mchanga anaweza kunywa kwa kikombe kidogo. Umkalishe wima kiasi, ugusishe ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, naye atanywa mwenyewe. Usimmiminie. Nilikaa na dada wa kazi siku mbili tukifanya pamoja. Alikuwa msichana mwelewa. Hakuna aliyewahi kumwonyesha, ndiyo maana alikoroga uji.

Nne, kukamua hata akiwa kazini. Titi lisilotolewa maziwa mchana kutwa huuma, huweza kushika jipu, na baada ya muda maziwa hupungua. Hata kama hana pa kuyahifadhi, akamue ili mwili usidhani mtoto ameacha. Na usiku mtoto alale karibu, anyonye kila atakapo.

Tano, sheria. Hili wengi hawalijui, na mimi mwenyewe nililijua nusunusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua mapacha au zaidi. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri kumruhusu mama anyonyeshaye kwenda kunyonyesha ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Binti yangu alisema, "Mama, saa mbili zitanisaidia nini? Kwenda Pugu na kurudi zinaisha njiani." Kweli. Lakini mkwe wangu, kijana mpole asiyesema sana, alikohoa pale nje ya mlango akasema, "Mama, je, asiombe hizo saa mbili ziwe mwisho wa siku? Atoke mapema awahi treni ya kwanza ya jioni."

Sheria haikusema hivyo neno kwa neno. Lilikuwa jambo la makubaliano. Binti yangu aliandika barua fupi ya heshima, akataja sheria bila kutisha, akaeleza kwamba mtoto hapandi uzito. Mwajiri wake mwanzoni alikunja uso. Alisema wengine nao wataomba. Siku ya tatu alimwita akamwambia aondoke mapema mpaka mtoto atimize miezi sita, ila Jumamosi abaki mpaka kufunga. Hatukupata yote. Tulipata siku tano kati ya sita, tukashukuru Mungu.

Sasa nirudi kwa Wajapani. Katika miji yao stesheni moja, kama ile ya Shinjuku jijini Tokyo, hupitisha mamilioni ya watu kwa siku. Nao wana msongamano, nao wana akina mama wanaoumia. Ndiyo maana tangu mwaka 2006 serikali yao ina alama maalumu ambayo mjamzito huitundika kwenye mkoba, ili hata kabla tumbo halijaonekana watu wajue wampishe akae. Nilimkumbuka yule mama aliyeegemea nguzo pale Pugu. Sisi hatuna alama hiyo, lakini tuna macho na tuna malezi. Mtoto wa kwetu anafundishwa kumpisha mkubwa kigoda. Tumfundishe vilevile kumpisha mjamzito kiti ndani ya basi na Noah. Na wewe mjamzito usisimame kimya kwa aibu. Omba. Kusimama muda mrefu hukuvimbisha miguu na huweza kukuletea kizunguzungu.

Jambo la pili la Wajapani ni hili. Dereva na walinzi wa treni zao huinyooshea kidole taa au saa na kutamka kwa sauti kile wanachokiona, hata wakiwa peke yao. Mgeni anaweza kucheka. Lakini taasisi yao ya utafiti wa reli iliwapima watu miaka ya 1990 na kuona kwamba waliofanya kazi bila kunyoosha kidole wala kutamka walikosea mara 2.38 katika kila matendo 100, na waliofanya yote mawili walikosea mara 0.38 tu. Sisi wauguzi tuna desturi inayofanana na hiyo, ya kusoma lebo ya dawa zaidi ya mara moja kabla ya kumpa mgonjwa. Nikamwambia dada wa kazi naye afanye hivyo asubuhi: aguse na kutamka, "Mikono nimenawa. Kikombe kimechemshwa. Maziwa ya jana ndiyo haya ya kwanza." Mwanzoni alicheka sana. Wiki ya pili nilimsikia akitamka mwenyewe jikoni, na mtoto akimwitikia kwa sauti zake.

Niliondoka Pugu baada ya majuma matatu. Kuharisha kulikuwa kumekoma. Mwezi wa tano binti yangu alinipigia simu kutoka kliniki. Kilo 6.5. Hakusema mengi, na mimi sikuweza kusema mengi. Mtoto huyo sasa yuko shule ya msingi na anakimbia kuliko wenzake.

Huenda msomaji wa Sirari au Nyamongo anasema, "Hayo ni ya watu wa Dar." Nami nilidhani hivyo mpaka niliporudi. Siku ya soko nilipita nikaangalia kwa macho mapya. Mama wangapi wanaondoka nyumbani kabla ya mapambazuko na mzigo wa ndizi kwenye bodaboda, wakamwacha mtoto wa miezi mitatu kwa dada yake wa miaka tisa? Na yule wa miaka tisa anampa nini? Uji mwepesi. Hatuna treni, lakini tuna bodaboda, nayo haimsubiri mtoto anyonye. Tena mama wa sokoni hana mwajiri wa kumwandikia barua. Sheria ya saa mbili haimfikii.

Tukazungumza katika kikundi chetu cha akina mama kanisani. Wengine walisema kila mtu abebe mzigo wake. Mzee mmoja wa kike akawauliza, "Wewe ulilelewa na mama yako peke yake?" Wakanyamaza. Tukakubaliana siku za soko chumba kimoja cha kanisa kiwe wazi, na akina mama wawili wazima wa umri wakae humo kwa zamu. Mama wa sokoni anamleta mtoto, anakwenda kuuza, mtoto akilia anaitwa anakuja kunyonyesha, anarudi kwenye biashara yake. Siku ya kwanza waliletwa watoto wawili tu. Sasa wanafika kumi na zaidi siku nyingine, na yule wa miaka tisa yuko darasani anakopaswa kuwa.

Mama mwenzangu, kabla hujamsema binti yako au mkamwana wako kwa simu, panda naye hiyo treni yake, hata kama kwake ni bodaboda au ni njia ya miguu. Ukishafika, muulize unaweza kumbebea nini.

Mbaki salama mpaka mwezi ujao.